Namna ya Kupima Mifumo ya Muziki ya Hali ya Juu kwenye Maonyesho ya Hai-fai

Anayeingia katika chumba cha maonyesho ya hai-fai, yaani vifaa vya kusikilizia muziki kwa ubora wa juu, husikia mambo manne kwa pamoja: vifaa vyenyewe, chumba vilimowekwa, rekodi aliyoichagua mwonyeshaji, na kiwango cha sauti alichokiweka. Katika hayo manne, linalouzwa ni moja tu, na kazi ya msikilizaji makini ni kulitenga na mengine matatu kadiri inavyowezekana. Huwezi kulitenga kabisa, lakini ukijua ni sehemu gani ya sauti iliyo mali ya spika na ipi iliyo mali ya kuta, utatoka na hukumu inayoweza kutegemewa.

Tuanze na chumba, maana ndicho kinachowapotosha wengi zaidi. Maonyesho mengi hufanyika katika vyumba vya hoteli au katika vibanda vya kuta nyepesi vilivyojengwa ndani ya kumbi kubwa, na hata High End, maonyesho mashuhuri yaliyokuwa yakifanyika Munich tangu 2004 hadi 2025, yalikuwa na vibanda vya namna hiyo. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba chenye urefu wa mita 5 huvuma chenyewe kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 34 hivi, kisha kwenye hezi 69, kisha 103, na kadhalika. Karibu na ukuta, mivumo hiyo yote huongezeka. Katikati ya chumba, ule wa kwanza hufifia hadi karibu kutoweka, wakati ule wa pili huwa na nguvu. Matokeo yake ni kwamba watu wawili waliokaa safu mbili tofauti huweza kubishana kuhusu besi ya spika zilezile, na kila mmoja akawa anasema kweli.

Jaribio lake ni rahisi. Gitaa la besi linapopigwa, tembea taratibu kutoka ukuta wa nyuma hadi katikati ya chumba. Noti moja ikivimba pale ukutani kisha ikanywea baada ya hatua mbili au tatu, hicho ni chumba kinachosema, na si haki kuwalaumu waliotengeneza spika kwa hilo. Ndiyo maana nashauri besi ipewe uzito mdogo kuliko yote katika hukumu ya maonyesho, iwe imekuvutia au imekuudhi. Spika kubwa zilizobanwa katika chumba kidogo hudhulumiwa sana na wasikilizaji wasiolijua jambo hili.

Kiwango cha sauti nacho kina udanganyifu wake. Tofauti ya desibeli moja tu aghalabu haisikiki kama ongezeko la sauti, bali husikika kama uwazi zaidi na uhai zaidi. Tena, watafiti Fletcher na Munson walikwisha kuonyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi kwa udhaifu sauti inapokuwa chini, kwa hiyo anayeongeza sauti huongeza utamu hata kama kifaa chake hakina ubora wowote wa ziada. Mwombe mwonyeshaji ashushe hadi kiwango ambacho ungesikilizia nyumbani usiku. Mfumo ulio bora utabaki na maneno yanayosikika vizuri na mdundo usiolegea. Mfumo dhaifu utapauka. Programu ya kupima sauti iliyo kwenye simu haiaminiki sana kwa namba kamili, lakini simu ileile inafaa kabisa kulinganisha chumba kimoja na kingine.

Masikio yenyewe pia huchoka. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza kikomo cha saa 8 kwa desibeli 85, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hupungua kwa nusu, hivi kwamba kwenye desibeli 94 umebakiwa na saa moja tu. Vyumba unavyovijali zaidi vitembelee asubuhi, na pumzika mahali pa kimya kabla ya kuendelea, kwa sababu sikio lililochoka huisamehe sauti kali ambayo nyumbani ungeizima.

Sasa tuje kwenye rekodi. Mwonyeshaji atakupigia mwimbaji mmoja na gitaa lake, au ngoma chache zilizorekodiwa kwa ustadi, na muziki wa namna hiyo hupendeza karibu kila mahali. Nenda na rekodi zako unazozijua kwa moyo, zikiwa kwenye flashi katika muundo usiopunguza ubora, na uombe dakika moja moja tu ya kila rekodi; maombi mafupi hukubaliwa. Nisingekosa nne hizi: sauti ya mwanamume anayezungumza bila muziki, piano peke yake, kwaya kubwa au okestra kamili, na rekodi moja ya mono, yaani ambayo spika zote mbili hutoa sauti ileile.

Mzungumzaji ndiye hakimu mkali kuliko wote, kwa kuwa sauti ya binadamu tumeisikia tangu kuzaliwa. Sikiliza kama kifua chake kina uzito wa kawaida au anasikika kana kwamba yumo ndani ya pipa, na kama herufi "s" na "sh" zinapita laini au zinachoma. Kwenye piano, chunguza kama noti fulani zinarukia mbele kuliko jirani zake. Kwenye kwaya, chagua sauti moja ya ndani, kwa mfano ya teno (sauti ya juu ya wanaume), uifuate mpaka mwisho bila kuipoteza. Rekodi ya mono, ukiwa umekaa kiti cha katikati kinachounda pembetatu ya pande sawa na spika mbili, inapaswa kusimama mahali pamoja pembamba kati ya spika hizo. Ikitawanyika, kuna kasoro ya mpangilio au ya chumba. Kiti hicho kikiwa na mtu, subiri.

Kisha ondoka kwenye kiti hicho, kwa sababu jaribio ninalolithamini kuliko mengine liko pembeni. Utafiti wa mtaalamu wa sauti Floyd Toole na wenzake, ulioanzia Kanada, ulionyesha kwamba wasikilizaji wasioziona spika hukubaliana kwa kiasi kikubwa, na huzipendelea zile ambazo sauti yake ya mbele imenyooka, yaani haikuzi wala kufifisha noti zozote, na ile ya pembeni inafanana nayo. Sogea hadi kiti cha mwisho, kisha toka usimame mlangoni, mahali ambapo unachosikia karibu chote ni sauti iliyogonga kuta. Mzungumzaji wako akiendelea kusikika kama mtu aliyemo chumbani, spika hizo zinastahili kurudiwa.

Macho yafumbe. Mwaka 1994 Toole na Sean Olive walionyesha kwamba kuiona spika hubadilisha alama ambazo msikilizaji huitolea, hata akiwa mzoefu. Andika maoni yako kabla ya kusoma kadi ya bei.

Kuhusu nyaya na amplifaya, usiamue lolote hapo, maana kati ya chumba na chumba kila kitu hubadilika kwa mpigo.

Chumba kilichokuvutia kirudie siku ya mwisho, kwani waonyeshaji wengi huendelea kusogeza spika zao siku baada ya siku. Ukiwa hapo, uliza spika zinahitaji umbali gani kutoka ukutani na zimekusudiwa chumba cha ukubwa gani, ukiwa na vipimo vya chumba chako mkononi. Uliza pia hisivu yake, yaani sauti inayotoa kwa kiasi fulani cha nguvu ya umeme: spika ya desibeli 84 huhitaji nguvu mara nne ya ile ya desibeli 90 ili kufikia sauti ileile, na huenda amplifaya uliyo nayo haitafika huko. Mwisho, uliza kama muuzaji atakuruhusu kuzisikiliza nyumbani kwako kabla ya kulipa.