Jinsi ya Kupata Maoni ya Kweli ya Wafanyakazi Kuhusu Utamaduni wa Kazi na Uongozi

Mfanyakazi anapoletewa dodoso kuhusu uongozi wa kampuni yake, kabla hajajibu swali lolote hujiuliza litakalompata akisema kweli. Kwa sababu hiyo, anayetaka kukusanya maoni asianze kwa kutunga maswali, bali aanze kwa kuchunguza yaliyowapata waliosema hapo awali. Apitie kumbukumbu za malalamiko ya miaka miwili au mitatu iliyopita, aone kila lalamiko lilishughulikiwaje, kisha afuatilie aliyelileta: yupo bado, alihamishwa, alirukwa wakati wa kupandishwa vyeo, au aliacha kazi? Kama wengi wao waliondoka, wenzao wanalijua jambo hilo hata kama halijaandikwa popote, na uongozi hauna budi kulikiri waziwazi kabla ya kumwomba mtu yeyote aseme tena.

Hatua inayofuata ni usiri, na hapa ndipo ahadi nyingi huvunjika bila mtu kukusudia. Dodoso lisilo na jina linaweza kumfichua mtu kirahisi endapo linauliza idara, jinsia na miaka ya kazi, kwa kuwa katika idara ya watu wanne huenda mwanamke mwenye miaka kumi kazini ni mmoja tu. Ulizeni taarifa binafsi zile tu mtakazozitumia, na msitoe matokeo ya kundi lenye watu wachache. Wengi huweka kiwango cha chini kuwa watu watano, nami naona hata hicho ni kidogo pale ambapo hofu imeshakita mizizi. Maelezo yaliyoandikwa kwa maneno ya mfanyakazi yasipelekwe kwa msimamizi wake jinsi yalivyo, maana msimamizi huitambua lugha ya watu wake.

Katika maswali, ulizeni matukio kuliko hisia. Kauli kama “Kiongozi wangu ananiheshimu”, inayojibiwa kwa alama 1 hadi 5, humpa mwoga nafasi ya kuchagua 4 na kupita. Swali kama “Mara ya mwisho kazi yako ilipoharibika, msimamizi wako alisema nini, na alisema mbele ya nani?” humrudisha mtu kwenye siku na mahali, na jibu lake linaonyesha jambo la kurekebisha. Ulizeni pia nani alipandishwa cheo karibuni na wafanyakazi wanadhani ni kwa nini, kwa sababu utamaduni wa kampuni husomwa katika anayetunukiwa kuliko katika maadili yaliyobandikwa ukutani.

Dodoso peke yake halitoshi, hivyo fanyeni na mahojiano. Katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, zaidi ya wafanyakazi 20,000 walihojiwa kati ya 1928 na 1930. Mwanzoni wahojaji walifuata maswali yaliyopangwa, lakini waligundua kwamba watu walitaka kuzungumzia mambo mengine, wakabadili utaratibu na kumwacha mfanyakazi achague la kusema. Mahojiano ya wastani wa nusu saa yakafikia saa moja na nusu. Funzo hilo bado linafaa. Mhoji asiwe msimamizi wa anayehojiwa, aandike machache, na anyamaze kidogo baada ya kila jibu, kwa kuwa jambo zito mara nyingi huja baada ya lile jepesi kumalizika.

Ikiwezekana, hudhurieni pia vikao vya kawaida na mtazame badala ya kuuliza. Tuseme karani anasema kwamba tarehe iliyopangwa haitatimia. Je, meneja anamuuliza sababu, au anasema “hilo tutalizungumza baadaye” na kuendelea na ajenda? Wengine wanamtazama nani kabla ya kutoa neno?

Mnaposoma matokeo, msiridhike na wastani. Wastani wa 3 unaweza kumaanisha kwamba wote wamejibu 3, au kwamba nusu wamejibu 1 na nusu 5, na hizo ni kampuni mbili tofauti kabisa. Vilevile, uchache wa malalamiko usichukuliwe kuwa dalili njema. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani wa masuala ya uongozi, katika utafiti wake wa makosa ya utoaji dawa hospitalini uliochapishwa mwaka 1996, aliona kwamba wodi zenye uongozi bora zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa, na akaeleza kwamba huenda wahudumu wa huko hawakuogopa kuyataja.

Tuhuma za unyanyasaji au ukatili zisisubiri ripoti ya dodoso. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unadai njia salama za kuripoti na ulinzi dhidi ya kulipiziwa kisasi, na mhoji anapaswa kumweleza mfanyakazi njia hizo mwanzoni kabisa mwa mazungumzo, pamoja na mipaka ya siri anayoweza kuitunza.

Matokeo yarudishwe kwa wafanyakazi wote ndani ya wiki chache, yakiwa na yale yanayouumiza uongozi. Chagueni mambo mawili au matatu ya kurekebisha, tajeni mhusika na tarehe ya kila moja, na kwa yale yasiyowezekana elezeni sababu. Dodoso la pili lisitumwe kabla tarehe hizo hazijafika na kazi iliyoahidiwa haijaonekana.