Wajukuu Wanakuja Likizo Tanga na Wewe Una Zamu ya Mikoko: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Shule zikikaribia kufungwa simu zinaanza: "Mama, watoto watakuja kwako." Bibi gani atakataa? Tatizo ni kwamba bibi wa siku hizi naye ana shughuli zake, na kwa sisi tunaojitolea kwenye vikundi vya kupanda mikoko, likizo ya watoto huwa mtihani. Wapo wanaoaga kikundi mpaka shule zifunguliwe. Wapo wanaowaburuza wajukuu topeni kila siku mpaka watoto wanaichukia bahari yenyewe. Hayo yote hayana haja. Kazi ya mikoko inafuata maji, na maji yanajulikana kabla. Kwa hiyo usikubali tarehe ya kufika kabla hujaangalia mwezi.

Anayefuata kalenda ya Kiislamu hana haja ya kuuliza mtu. Mwezi ukiandama, na tena ukifika kumi na nne au kumi na tano, ndipo bamvuka inapoingia, yaani maji yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, na hapa Tanga siku hizo maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, kisha yakajaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kiasi cha dakika 50. Baada ya wiki hivi unaingia kwenye maji mafu, bahari haiendi mbali, na vikundi vingi hubaki na kazi ya kitalu tu. Basi safari za mbali na wajukuu zipeleke kwenye maji mafu. Siku za bamvuka asubuhi ni ya zamu, na jioni, maji yakiwa yamejaa na jua limelegea, wapeleke ufukwe wa Raskazone wakaogelee. Mtoto aliyekulia Dodoma hajui kwamba maji yanayorudi yana nguvu ya kuvuta. Awe umbali wa mkono wako, hata kama anajisifu kwamba shuleni kwao kuna bwawa. Likizo ikigongana na Idd el-Fitri, kumbuka sikukuu hiyo huja na mwezi mwandamo, yaani bamvuka iko juu yake. Kabadilishane zamu mapema, maana siku hiyo kila mtu atataka kuwa jikoni kwake.

Mwenyekiti wa kikundi mwambie kabla wageni hawajapanda basi. Usiseme "nitaangalia." Taja siku utakazokuwepo na utakazokosa, ili apange watu. Kujitolea hakuna mshahara, lakini wenzako wakibaki wawili kwenye tope la kazi ya watu sita, wataisema hiyo hadi likizo nyingine.

Muulize pia kama watoto wanaruhusiwa. Mimi naona mtoto wa chini ya miaka kumi abaki nyumbani, na aliyezidi hapo aende siku moja kwanza, tuone. Avae raba za kufunga kamba. Ndala hazifai kabisa: tope linaishika ndala, mguu unatoka mtupu, na kwenye mizizi ya mikoko kuna chaza wanaokata kama wembe. Kofia, nguo ya mikono mirefu, maji ya kunywa ya kwake mwenyewe. Kisha mpe kazi ya kweli. Tunda la mkoko limeshachipua likiwa bado mtini, refu, la kijani, mfano wa fimbo. Ncha iliyochongoka ndiyo inayoingia chini na kichwa kinatazama juu. Mtoto akilishika katikati na kulisukuma taratibu mpaka kiasi cha theluthi yake iingie topeni, limesimama. Akilipigilia kwa jiwe amelivunja. Mwambie kabisa kwamba misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali, asije akakata mti mchanga akatengeneza upinde, maana wajukuu wa kiume hawana dogo.

Siku anazobaki nyumbani, abaki na nani? Hili ndilo bibi wengi tunalipitia juu juu. "Wataangaliana wenyewe" si jibu. Kama babu yao yupo na ana nguvu, mwambie waziwazi kwamba siku fulani ni yake, asiende baraza la bao. Kama hayupo, zungumza na jirani mmoja umpendaye, mpe chochote cha kumshukuru, na umuachie chakula kilichokwisha kupikwa ili jiko lisiguswe na watoto. Mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi inawafikisha mpaka unaporudi. Wali wa nazi uwape kidogo kidogo siku za mwanzo, matumbo ya bara hayakuzoea tui zito.

Kuhusu kupotea. Tanga ni jiji tangu 2005, na kwa mtoto mgeni eneo la Ngamiani ni mtihani mkubwa kuliko Kariakoo. Mitaa imenyooka, imepangwa kwa namba, na kila kona inafanana na mwenzake: duka, baiskeli zimeegemezwa ukutani, mama wa vitumbua. Namba hizohizo ndizo dawa. Siku ya kwanza kabla ya kufungua mabegi, tembea naye kwa miguu kutoka nyumbani mpaka msikitini au sokoni, arudi yeye akiongoza, akitaja "barabara ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili." Mtajie na kitu kilicho jirani na nyumba, kwa sababu barabara moja ni ndefu. Namba yako ya simu ishonewe mfukoni mwa kaptula, hata kama anaikariri. Mtoto akilia husahau. Mjulishe mjumbe wa mtaa kwamba una wageni na majina yao. Namba 116 ya msaada kwa mtoto inapigwa bure, nayo waijue.

Afya ni fupi lakini usiiruke. Omba kadi za bima na majina ya dawa wanazotumia kabla hawajaondoka kwao, hasa mwenye pumu. Vyandarua vihesabiwe kwa vitanda, na vitundu vizibwe kwa uzi. Homa ya mtoto pwani isingojewe kesho: apelekwe zahanati akapimwe malaria. Ujue pia njia ya usiku ya kufika hospitali ya Bombo na dereva wa bajaji anayepokea simu saa nane za usiku.

Sasa matumizi. Bibi tunaona haya kuomba, na wazazi wao nao wanajifanya hawakumbuki. Mpigie mwanao umwambie kwa upole: "Mwanangu, chakula nitatoa mimi, nauli za mjini na viingilio vya matembezi tuma wewe." Akikasirika atapoa.

Matembezi yenyewe usiyajaze. Mapango ya Amboni yako kama kilomita nane tu kutoka mjini, njia ya kwenda Horohoro, na yanatosha kuchukua nusu siku nzima. Nenda na mwongoza wageni wa pale, wachukue tochi, wavae viatu visivyoteleza, na umuandae anayeogopa giza kwamba popo wapo na hawana shida na mtu. Magofu ya Tongoni, njia ya Pangani, yanafaa kwa mkubwa anayependa historia. Mdogo atachoka dakika kumi akaulizia soda.

Tiketi za kurudi nunua siku ileile unapowapokea stendi ya mabasi ya Kange. Shule zikikaribia kufunguliwa mabasi hujaa, na mtoto akichelewa kuanza muhula lawama ni zako. Likizo ya Juni ikiwakuta, wape machungwa ya Muheza mabichi kidogo, yawekwe kwenye kikapu na si kwenye mfuko wa plastiki, ili yafike Dodoma bila kuoza.