Nyutro ya mtaani isiguse mnara wa msongo mkubwa

Ukifunga mitambo ya simu kwenye mnara wa umeme wa kilovolti 132 au 220, kosa baya kuliko yote ni kuvuta volti 230 kutoka laini ya mtaani kisha, kwa mazoea, kubana nyutro yake (waya wa kurudishia umeme) au ule waya wa ethi wa kijani na njano kwenye ethi ya mnara, yaani muunganisho wake na ardhi. Hitilafu ikimwaga ampea 1,000 ardhini kupitia ethi ya omu 10, mnara mzima unapanda hadi volti 10,000, na waya huo unazifikisha kwenye soketi za majirani.

Weka transfoma ya kutenganisha, inayopitisha umeme bila waya wa upande mmoja kugusa wa pili, yenye insulesheni inayohimili volti zilizokokotolewa kwa mnara huohuo. Upande wa mitambo, nyutro, kabati na miguu ya mnara viungwe pamoja. Upande wa mtaani pasiwe na kinachogusa chuma cha mnara, hata deraya ya kebo (ganda lake la chuma). Data ipite kwenye faiba isiyo na chuma ndani.

Kuzunguka kabati, fukia waya mtupu wa shaba, kina cha nusu mita, mita 1 hivi kutoka mlangoni, uungwe na kabati. Bila huo, hitilafu ikitokea, anayeshika mlango anapigwa na umeme kati ya mkono na miguu.

Mita ya kawaida ya kupimia omu za ethi itakudanganya: waya wa kukinga radi uliopita juu ya minara unaunganisha minara jirani, hivyo usomaji unashuka. Tumia ya masafa ya juu, ya kilohetsi 25.