Kulinganisha hali ya maisha kati ya Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi

Mtu akisema Nakuru wanaishi vizuri kuliko Kisumu, muulize: Nakuru gani? Naivasha ya mashamba ya maua na Kuresoi ya viazi ziko kaunti moja, na jijini Kisumu Milimani na Nyalenda ni majirani. Kwa hiyo amua mapema unalinganisha maeneo ya ukubwa gani. Wastani wa kaunti unatosha kwa anayegawa fedha kati ya kaunti 47 za Kenya. Anayetaka kujua kisima kichimbwe wodi gani hautamsaidia.

Kabla ya kutuma wahoji, tazama kilichopo. Sensa ya 2019 ina takwimu za makazi, maji na elimu hadi ngazi ya kaunti ndogo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 una makadirio ya kaunti kuhusu chanjo, lishe ya watoto na mambo ya uzazi. Ukiugawanya hadi kaunti ndogo, kaya zinazobaki ni chache mno na namba zitayumba.

Kama ni lazima ukusanye data mwenyewe, hapa ndipo wengi huharibu. Kaya 384 hukupa asilimia yenye kosa la pointi 5 juu au chini, lakini hiyo ni kwa eneo moja, tena kama kaya zimechaguliwa kwa nasibu moja moja. Ukichagua vijiji kwanza, kaya za kijiji kimoja hufanana, kwa hiyo zidisha mara mbili: 768 kwa kila eneo unalotaka kulitaja peke yake. Vijiji 64 vyenye kaya 12 kila kimoja ni bora kuliko vijiji 19 vyenye kaya 40, ingawa nauli ya bodaboda itapanda. Kila kijiji, orodhesha kaya zote pamoja na mzee wa kijiji. Zikiwa 120, chukua moja katika kila 10, ukianzia namba ya bahati nasibu kati ya 1 na 10. Usimwachie mhoji achague mwenyewe. Atachukua nyumba zilizo kando ya barabara. Asipomkuta mtu, arudi jioni au Jumapili, asihamie kwa jirani. Wanaokosekana mchana ni wafanyakazi, na ukiwaacha eneo litaonekana halina ajira.

Viashiria, yaani mambo utakayoyapima kuonyesha hali ya maisha, 8 hadi 12 vinatosha. Kila kimoja kiwe na maana ileile kila mahali, na kiweze kutofautisha watu. Paa la mabati halitofautishi tena sehemu nyingi za magharibi, kwa sababu karibu kila mtu analo. Kisima kirefu nacho kina mtego wake: huhesabiwa kuwa maji salama, ila sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, maji ya ardhini yana floridi kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Basi uliza chanzo, umbali na kama maji yalikatika wiki iliyopita, kisha floridi ipimwe maabara.

Usiulize mapato peke yake. Mkulima hajui mapato yake ya mwezi, na mwenye duka hatakwambia. Uliza matumizi, na chakula kilichotoka shambani kitiwe bei ya soko la karibu. Watu watajibu kwa gorogoro, kopo la kupimia nafaka sokoni. Pima gorogoro ya soko hilo kwa mizani, maana si zote zina ujazo mmoja. Shilingi pia hazilingani: katika utafiti wa kitaifa wa bajeti za kaya wa 2015/16, mstari wa umaskini, yaani matumizi ambayo aliye chini yake huhesabiwa maskini, ulikuwa shilingi 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi vijijini na 5,995 mjini. Ukitumia mstari mmoja, mji utaonekana tajiri kuliko ulivyo.

Msimu huharibu ulinganisho kimyakimya. Uvuvi wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, hufungwa Aprili hadi Julai, na miezi hiyo mahindi ya mwaka uliopita yanaisha ghalani. Ukihoji Homa Bay mwezi Juni na Molo mwezi Desemba, umelinganisha miezi, si watu. Pita maeneo yote katika wiki zilezile, au gawa kila eneo katika misimu minne.

Swali la ngazi, ambalo mtu huyapa maisha yake mwenyewe namba kutoka 0 maisha mabaya kabisa hadi 10 maisha bora kabisa, lije mwanzoni, kabla hujamkumbusha mtu njaa na madeni. Litafsiriwe kwa Dholuo, Kalenjin, Lubukusu au Lulogooli, kisha mtu mwingine alirudishe kwa Kiswahili bila kuona la kwanza. Chifu asikae karibu: akiwapo, watu hudhani msaada unakuja.

Unapogeuza viashiria kuwa alama kati ya 0 na 1, weka mipaka isiyobadilika. Kipimo cha maendeleo ya binadamu cha Umoja wa Mataifa hutumia miaka 20 na 85 kwa umri wa kuishi. Eneo lenye miaka 65 hupata 45 (65 toa 20) gawanya kwa 65 (85 toa 20), yaani 0.69. Ukitumia kaunti yako ya chini kabisa kuwa sifuri, alama za wote zitabadilika siku Busia ikiongezwa. Chukua pia wastani wa kuzidisha: alama 0.9, 0.6 na 0.3 hutoa 0.60 kwa wastani wa kawaida, lakini 0.55 kwa kuzidisha na kutafuta kipeo cha tatu. Hivyo shule nzuri hazifichi afya mbovu.

Ukiunganisha kaunti, kila moja ipewe uzito wa idadi ya watu wake. Sensa ya 2019 ilihesabu 2,162,202 Nakuru na 1,155,574 Kisumu. Tuseme umaskini ni asilimia 30 na 40. Jibu la pamoja ni 33.5, si 35.

Mwisho, asilimia 42 na 47, kila moja ikiwa na kosa la pointi 5, hazitoshi kupanga nani wa kwanza, kwa kuwa kosa la tofauti yenyewe ni kama pointi 7. Ziweke kundi moja. Chapisha kila kiashiria kando ya alama ya jumla, na ufute majina, namba za simu na nukta za ramani za kaya, kwani sheria ya kulinda data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na hojaji za karatasi.