Jinsi ninavyowabandua wanachuo kwenye simu zao darasani bila kugombana

Nafundisha uhasibu ngazi ya stashahada katika chuo cha kati. Wanachuo ni sabini na kitu, kipindi ni cha saa mbili, na ratiba imenitupa saa nane mchana, wali maharage ukiwa bado unashuka tumboni. Shule ya sekondari unaweza kusema simu marufuku ukaishia hapo. Hawa ni watu wazima, na simu ndiyo kikokotoo, ndiyo madesa, ndiyo saa. Nilijaribu kupiga marufuku, ikanishinda ndani ya wiki mbili.

Hatua ya 1: Jua simu zinatoka dakika gani

Nilimwomba mwalimu mwenzangu akae nyuma vipindi viwili. Kila akiona simu tatu au zaidi zimewaka, anaandika dakika. Nilikuwa na hakika zitatoka kwenye mada ngumu. Wapi! Karatasi yake ilionyesha sehemu mbili: dakika kumi za mwanzo nikisubiri wachelewaji, na kila nilipowapa mgongo kuandika ubaoni. Jedwali moja la leja lilinichukua dakika saba kulichora. Dakika saba watu sabini hawana la kufanya, unategemea wafanye nini?

Usiruke hatua hii. Matundu ya darasa lako huenda yakawa kwingine.

Hatua ya 2: Ziba mwanzo

Fika mapema, andika swali ubaoni kabla hawajaingia. Langu la wiki jana: mama lishe ameanza siku na shilingi 50,000. Kanunua mchele wa 28,000 na mkaa wa 4,000. Kauza chakula cha 67,000, ila 9,000 ni za mafundi waliosema watalipa Jumamosi. Jioni ana shilingi ngapi mkononi?

Wanajibu kwenye nusu karatasi, wanaandika jina, nakusanya dakika ya kumi. Karatasi hizo ndizo mahudhurio, kwa hiyo wachelewaji wamepungua bila mimi kufoka. Waliopata 85,000 walibishana na waliopata 76,000 mpaka nikalazimika kuwanyamazisha, na sikuona simu hata moja. (Jibu ni 76,000. Deni si fedha taslimu, hata kama mdaiwa ni mtu wa dini.)

Hatua ya 3: Punguza mgongo

Majedwali nayachora kabla ya kipindi, au natoa fotokopi yenye nafasi za kujaza. Kila baada ya dakika ishirini hivi nanyamaza, wawili wawili wanajaza mistari mitatu, kisha namwita mmoja aje ubaoni kwa kuokota jina kwenye zile nusu karatasi. Hakuna anayejua zamu yake.

Hatua ya 4: Kubalianeni simu inakaa wapi

Siku ya kwanza, si wiki ya tano. Kwangu simu inakaa kwenye begi, zipu imefungwa. Kuilaza mezani kifudifudi hakutoshi, maana ikitetemeka meza nzima inajua. Katikati ya kipindi kuna dakika tano za kuangalia meseji. Mwenye mtoto mgonjwa au dharura ananiambia mapema, anakaa karibu na mlango. Ya kwangu naiweka kwenye begi mbele yao. Zamani nilikuwa napokea simu za mkuu wa idara nikiwa ubaoni, halafu nashangaa hawanisikilizi.

Wanaotumia kompyuta mpakato nawakalisha nyuma kabisa. Walimu wengi huwavuta mbele ili wawaone, lakini kioo cha aliye mbele kinaonekana na safu zote za nyuma yake. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2013 uliona kuwa waliokaa mahali pa kuona kompyuta ya mwenzao anayeperuzi mambo mengine walipata alama za chini kuliko wasioiona.

Hatua ya 5: Akivunja makubaliano

Usinyang'anye. Niliwahi kumpokonya kijana simu, ikaniponyoka, kioo kikapasuka. Nililipa mimi, na darasa likawa upande wake muhula mzima. Siku hizi naendelea kufundisha huku nikitembea hadi alipo, nasimama hapo, nagonga meza kwa kidole mara moja. Mara nyingi yatosha. Akirudia, namsubiri nje baada ya kipindi tuongee wawili. Kuna aliyeniambia, "Mwalimu, samahani, nauza mitumba, wateja wananitafuta saa nane." Tukakubaliana awaandikie wateja kuwa anajibu saa tisa.

Hatua ya 6: Pima tena

Wiki ya sita mwite yule mwenzako arudi nyuma na karatasi yake. Mara ya mwisho dakika alizoandika zilijazana kuanzia ya 90, nikagundua hapo ndipo ninapoanza kusoma slaidi neno kwa neno. Zoezi la mwisho nimelihamishia hapo.