Kuandaa homilia ya Dominika kuanzia Jumatatu: mfano wa Mathayo 20:1-16

Homilia nyingi, yaani mahubiri ya ndani ya Misa, huharibika kabla padre hajafika mimbarini. Jumamosi usiku, baada ya harusi mbili na mgonjwa wa kupakwa mafuta, anafungua masomo kwa mara ya kwanza, anachukua mawazo mawili matatu kwenye simu, na kesho yake waamini wanapewa maneno ambayo hayajapita moyoni mwa anayeyasema. Papa Fransisko, katika waraka wake Evangelii Gaudium (Furaha ya Injili) wa mwaka 2013, alisema wazi kwamba mhubiri asiyejiandaa hana udhuru wa kusema anamwachia Roho Mtakatifu: huko ni kutokuwa mwaminifu kwa karama alizopewa. Dawa ni kuanza Jumatatu, nusu saa kwa siku, na kulishikilia andiko moja wiki nzima.

Tutatumia Injili ya Dominika ya 25 ya Mwaka A (wa kwanza katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu), ambayo mwaka 2026 inaangukia tarehe 20 Septemba: wafanyakazi wa shamba la mizabibu, walioajiriwa saa mbalimbali za siku wakalipwa ujira uleule.

Jumatatu: soma kwa sauti, usifungue kitabu kingine

Soma Injili mara tatu, polepole, ukiwa kanisani au chumbani umefunga simu. Mara ya kwanza fuata tukio. Mara ya pili andika kila neno linalokushtua au kukukera. Mara ya tatu sali kwa neno hilo. Kama hakuna kinachokukera katika mfano huu, umesoma haraka mno, kwa maana aliyefanya kazi saa moja analipwa sawa na aliyechomwa na jua kutwa. Bado usifikirie utawaambia nini watu. Jiulize kwanza Bwana anakuambia nini wewe, padre wa miaka mingi uliyezoea kuwa miongoni mwa waliofika alfajiri.

Jumanne: chimba

Hapa ndipo kina cha homilia kinapopatikana, na ndipo wengi wanaporuka. Anza na kilichotangulia. Katika 19:27 Petro ameuliza: sisi tumeacha vyote, tutapata nini? Mfano huu ni sehemu ya jibu lake. Umefungwa huku na huku na msemo uleule wa walio wa kwanza kuwa wa mwisho (19:30 na 20:16). Kwa hiyo Yesu anaongea na wanafunzi wake wanaohesabu sadaka yao. Usiugeuze kuwa hotuba ya kuwasuta watu wa nje.

Kisha angalia saa. Mwenye shamba anatoka alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja, saa moja tu kabla ya kazi kufungwa. Anatoka mwenyewe, ingawa anaye msimamizi. Wa saa kumi na moja hawaitwi wavivu. Wanasema hakuna mtu aliyewaajiri. Dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa, na Torati (Kumbukumbu 24:15) iliagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua kwa kuwa ni maskini na roho yake iko kwenye ujira huo. Mwisho, tazama mstari wa 8: malipo yanaanzia kwa wa mwisho. Wangelipwa wa kwanza kwanza, wangeondoka na dinari yao bila kunung'unika. Mwenye shamba anataka waone.

Somo la kwanza, Isaya 55:6-9, limechaguliwa kwa ajili ya Injili hii: mawazo ya Mungu si mawazo yetu. Lipe sentensi mbili. Somo la pili, Wafilipi 1, linafuata mfululizo wake lenyewe katika Dominika hizi za kawaida; usilivute kwa nguvu. Padre anayejaribu kufafanua masomo yote matatu anatoa homilia tatu fupi zisizokamilika.

Jumatano: sikiliza Jumuiya

Peleka Injili hiyohiyo kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, kikundi cha familia jirani zinazosali pamoja. Msomaji aisome, kisha wewe unyamaze. Uliza swali moja: "Ungekuwa wewe wa asubuhi, ungesema nini?" Utasikia habari za vijana wanaosimama njia panda na miiko na karai wakingoja fundi awachukue, na za mzee anayeachwa kila siku kwa kuwa hana nguvu. Andika maneno yao kama walivyoyasema. Lakini usimtaje mtu wala kisa kinachoweza kumtambulisha, na chochote ulichosikia kwenye kitubio hakiguswi kabisa, hata kikifichwa namna gani.

Alhamisi: sentensi moja

Andika ujumbe wote kwa maneno yasiyozidi 15. Usipoweza, bado hujajua unachotaka kusema. Kwa mfano: *Mungu hutulipa kwa kadiri ya wema wake, wala hahesabu saa zetu.* Angalia nani anayefanya kazi katika sentensi hiyo: ni Mungu. "Tusiwe na husuda" ni kweli, lakini ni amri tupu; mtu hawezi kuacha husuda kwa kukaripiwa. Anaiacha akiisha kutambua kwamba naye ni wa saa kumi na moja aliyepokea ujira wa kutwa nzima. Homilia hutangaza kwanza jambo ambalo Mungu ametenda, ndipo inapoomba jibu.

Ijumaa: andika yote

Hata kama hutasoma karatasi mimbarini, andika kila neno. Papa Fransisko, Juni 2024, alitaka homilia isizidi dakika nane. Jipime: soma kwa sauti kwa dakika moja kama unavyosoma kanisani, hesabu maneno, zidisha kwa nane. Wengi hupata kati ya 700 na 800.

Usisimulie Injili upya. Imesomwa sasa hivi. Ingia moja kwa moja: "Wafanyakazi wa asubuhi hawakudhulumiwa hata senti. Mbona basi wanalalamika?" Tumia picha moja tu, kibarua wa njia panda anatosha. Sentensi iishe kwa pumzi moja. Neno kama "neema" lionyeshwe kwa tendo: mwenye shamba anarudi sokoni mara ya tano. Kabla ya mwisho elekeza altareni, maana homilia ni sehemu ya liturujia: muda mfupi baadaye aliyebatizwa utotoni na aliyebatizwa Pasaka iliyopita watapokea Mwili uleule wa Kristo, bila kupunguziwa.

Michango, zaka na ujenzi vina nafasi yake kwenye matangazo. Vikiingia katikati ya homilia, waamini hukumbuka hivyo tu, na safari nyingine wanafunga masikio mapema.

Jumamosi: sema, kata

Simama, isemee ukuta, ujirekodi kwa simu. Ukisikiliza utakuta "ndugu zangu wapendwa" mara kumi, "tuko pamoja?" kila aya, na hitimisho linalorudi mara tatu. Futa. Mahali ulimi unapokwama, sentensi ni ndefu, ikate. Kariri mambo mawili tu neno kwa neno: sentensi ya kwanza na ya mwisho. Anayejua pa kuishia hazunguki.

Dominika

Fika mapema ujaribu kipaza sauti: kiwe upana wa kiganja kutoka mdomoni, pembeni kidogo. Chini ya bati, mwangwi hula mwisho wa maneno, hivyo punguza kasi badala ya kupaza sauti. Mvua ikipiga, sema sentensi yako kuu na aya yake moja, kisha nenda kwenye Nasadiki. Ukiwa na Misa tatu na kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia), usibadili ujumbe; badili mfano tu. Ya tatu ndiyo hurefuka, kwa hiyo weka saa mbele yako.

Ukimya wa dakika moja baada ya homilia usiuogope.

Baada ya Misa usiulize kama homilia ilikuwa nzuri, kwani watakujibu kwa adabu. Muulize katekista na mama mmoja wa kwaya: "Nilisema nini leo?" Wakikupa majibu mawili tofauti, rudi kwenye sentensi ya Alhamisi uone ilipotea wapi. Andika majibu yao chini ya karatasi, uihifadhi kwenye faili la Mwaka A. Injili hii itarudi Septemba 2029.