Kuibana KataGo kwenye ubao wa Go

Mchezaji wa mweso akihamia Go, mchezo wa kuzingira nafasi za ubao kwa mawe, huja na mtaji mmoja: amezoea kuhesabu mbele. Lakini kwa hesabu tupu kompyuta huiwezi. Itafute pale isipoona.

KataGo, programu ya kompyuta inayocheza Go, ni ya bure. Kwa laptopu isiyo na kadi ya michoro, pakua toleo la Eigen, linalotumia prosesa peke yake, pamoja na KaTrain ya kuonyesha ubao. Faili la mtandao-neva wake (ubongo wa programu), aina ya b18, ni megabaiti karibu 100. Lipakue mara moja penye Wi-Fi, kisha cheza bila bando. Umeme ukikatika, shusha upekuzi wa kila hatua (mara ambazo programu hupima kabla ya kucheza) hadi 50 ili betri idumu.

Anza na ubao wa 9×9. Kwenye 19×19 dai mawe tisa ya kutangulia, wala usione haya. Usitegemee kufidia mwishoni, mipaka inapofungwa: huko haitoi hata nusu pointi kirahisi.

Udhaifu wake ni pete. Mwaka 2023 Kellin Pelrine, Mmarekani anayecheza kwa kujifurahisha, alishinda michezo 14 kati ya 15 dhidi ya programu iliyotumia KataGo. (Ujanja wenyewe uligunduliwa na kompyuta nyingine!) Jenga kundi dogo lenye macho mawili (nafasi mbili tupu ndani yake, zinazolifanya lisitekwe) katikati ya mawe yake, uliache lizungukwe mpaka mawe hayo yaungane kuwa mviringo. Sasa uzingire mviringo huo kwa nje, polepole, ukicheza pia kwenye kona za mbali. Mashine itaendelea kuamini pete yake i hai hadi nafasi tupu zinazoigusa zimekwisha karibu zote.

Kinachowaponza wengi ni ukuta wa nje wenye mwanya: pete ikipata jicho la pili au ikiungana na wenzake, kazi imepotea. Kundi la ndani nalo likifa, pete inaokoka. Tena usiibane mapema. Zikibaki hatua chache za kuiteka, upekuzi huigundua hatari na kutoroka. Mitandao ya karibuni imefunzwa hali hizi, kwa hiyo kwa mazoezi ya pete chagua mtandao-neva wa zamani, wa kabla ya 2023.

Mchezo ukiisha, fungua uchambuzi wa KaTrain, uangalie hatua zilizokupotezea zaidi ya pointi tano tu. Nyingine ziache kwanza.